Mbweha wa Moto, Kicheche wa Barafu

Kati ya 2007 na 2016, ukiweka Debian kwenye kompyuta yako hukupata Firefox. Ulipata kitu kinaitwa Iceweasel. Unakifungua, unaona menyu ni zilezile, vitufe viko palepale, kurasa zinafunguka vilevile. Ni Firefox, hakuna siri. Kilichobadilishwa ni jina na ile picha. Yule mbweha wa rangi ya machungwa aliyejikunja kwenye mpira wa dunia hayuko.

Ukilitafsiri jina hivihivi, Firefox ni mbweha wa moto. Iceweasel, tuseme, ni kicheche wa barafu. Moto ukawa barafu, mbweha akawa kicheche. Ni utani, lakini utani wa watu waliokasirika.

Mimi naipenda hii stori kwa sababu ina swali gumu ndani yake. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani ile mistari waliyoiandika mafundi, uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichungulia ndani, kuibadilisha na kuigawa upya. Sio bure tu kama ile sampuli ya sabuni unapewa supamaketi. Ni yako. Sawa. Sasa kama ndani ni ya kila mtu, ile sura ya nje ni ya nani?

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya tisini, kivinjari cha watu kilikuwa Netscape. Halafu Microsoft ikaanza kukupa Internet Explorer ndani ya Windows hata kama hukuomba, na Netscape ikaanza kuzama. Januari 1998 kampuni ikatangaza kitu ambacho wengi waliona ni wazimu: itaweka msimbo wake wazi. Ulitoka Machi 31 mwaka huo, mradi ukaitwa Mozilla, nembo yake ikawa dinosau mwekundu. Mafundi wakajenga, wakabomoa, wakajenga tena kwa miaka minne. Mozilla 1.0 ilitoka Juni 2002 ikiwa na kivinjari, barua pepe, kihariri cha kurasa na hata sehemu ya kupiga gumzo. Imejaa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha. Mtu wa kawaida aliangalia, akarudi zake kwa Internet Explorer, ambayo wakati huo ilikuwa inatumiwa na zaidi ya asilimia 90 ya watu mtandaoni.

Ndani ya mradi kuna waliochoka. Dave Hyatt na Blake Ross wakakata kivinjari peke yake, mizigo mingine wakaiacha nje. Ross alizaliwa 1985. Hesabu mwenyewe: toleo la kwanza lilipotoka Septemba 2002 alikuwa na miaka 17. Mimi nikiwa na 17 nilikuwa nakimbizana na KCSE.

Hicho kivinjari wakakiita Phoenix, ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu yake. Jina tamu, ukikumbuka Netscape ilivyoungua. Shida ni kwamba kulikuwa na kampuni inaitwa Phoenix Technologies, wale wa programu inayoamsha kompyuta ukibonyeza swichi, na wao walikuwa na haki ya hilo jina. Aprili 2003 likabadilishwa likawa Firebird. Na hapo ndipo aibu ilipoingia, kwa sababu tayari kulikuwa na Firebird nyingine, hifadhidata, nayo ni programu huria vilevile. Yaani umekimbia kampuni kubwa ukaenda kumkanyaga jirani wa plot yenu. Wale wa hifadhidata walipiga kelele, na walikuwa na haki. Februari 9, 2004 likaja jina la tatu, Firefox. Majina matatu kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Angekuwa msanii wa hapa mashabiki wangekuwa washampoteza.

Sasa hapa ndipo nataka tukae.

Mwishoni mwa 2003 jamaa mmoja wa Kanada, Steven Garrity, aliandika makala ndefu kuhusu Mozilla. Alikuwa anatoka kampuni ndogo ya usanifu inaitwa silverorange, huko Prince Edward Island. Alichosema, kwa ufupi wangu, ni kwamba mnajenga kitu kizuri sana na mnakivalisha vibaya sana. Kila programu ya Mozilla ilikuwa na sura yake, kila ikoni na mkono wake, hakuna kitu kinachokuambia hawa ni ndugu. Mnajua vile huwa. Ukikosoa kazi ya mtu mtandaoni unajibiwa, "Basi fanya yako tuone." Mara nyingi hilo ni tusi. Mozilla walimwambia karibu hivyohivyo, lakini wakimaanisha. Akapewa kikosi cha kusimamia sura ya mradi mzima.

Huu, kwa maoni yangu, ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya Firefox, na mafundi wengi hawatapenda kusikia hivyo. Utamaduni wa programu huria una dharau fulani kwa watu wa picha. Msimbo ndio kazi, picha ni rangi ya kucha. Nembo nyingi zilichorwa na yeyote aliyekuwa na muda wikendi hiyo. Wakati mwingine bahati inakuja: pengwini wa Linux, Tux, alichorwa na Larry Ewing mwaka 1996, akaingizwa kwenye mashindano ya nembo, hakushinda, na bado watu wakampenda yeye kuliko wengine wote. Lakini huwezi kupanga mradi wako juu ya bahati ya pengwini.

Wazo la nembo ya Firefox lilikuwa la Daniel Burka, Stephen Desroches akalichora kwa mkono, na Mwingereza Jon Hicks akaligeuza kuwa nembo kamili. Na hapa kuna uongo mzuri. Firefox ni jina lingine la panda mwekundu, yule mnyama mwenye mkia wa manyoya wa milima ya Himalaya. Sio mbweha hata kidogo. Hicks alisema wazi kwamba panda, pamoja na uzuri wake wote, haleti picha inayotakiwa. Kwa hivyo wakachora mbweha. Mtu wa sayansi atalalamika. Mimi nasema walifanya sawa, kwa sababu hakuna mtu mtaani ambaye ukimwambia panda mwekundu anaona kasi. Mbweha amezunguka dunia, mkia wake unawaka, na uso karibu huuoni. Ikoni ilibidi isomeke ikiwa ndogo kama punje ya mchele pale chini ya skrini, na ilisomeka. Machungwa juu ya bluu, unaiona hata ukiwa na usingizi.

Nembo na jina vilitoka siku moja, pamoja na toleo la 0.8. Miezi tisa baadaye, Novemba 9, 2004, ikaja Firefox 1.0.

Kilichofuata hakikuwahi kuonekana kwa programu huria. Mashabiki wakachanga pesa zao, na Desemba 16, 2004 gazeti la New York Times likachapisha tangazo la Firefox la kurasa mbili, likiwa na majina ya waliochanga, watu elfu kumi hivi, kwa herufi ndogondogo. Oktoba 2005 kivinjari kilikuwa kimeshapakuliwa mara milioni 100. Agosti 2006 wanafunzi wa kikundi cha Linux cha Chuo Kikuu cha Oregon State wakaenda kwenye shamba la nafaka na kulaza mimea mpaka ikatokea nembo ya Firefox, kubwa kiasi kwamba unaiona ukiwa kwenye ndege. Nani analaza shamba kwa ajili ya msimbo? Hakuna. Walilaza shamba kwa ajili ya mbweha.

Mwaka huohuo wa 2006, mambo yakachemka na Debian.

Kama hujui Debian, ni mfumo endeshi huria ulioanzishwa 1993 na Ian Murdock. Jina ni lake pamoja na la mpenzi wake wa wakati huo, Debra, na hiyo ni stori ya siku nyingine. Watu wa Debian wana msimamo mkali kuliko mwalimu wa zamu. Tangu 1997 wana masharti yaliyoandikwa: kitu chochote kinachoingia kwenye mfumo lazima kiruhusu yeyote kukibadilisha na kukigawa. Na ruhusa isiwe ya Debian peke yake. Lazima mtu anayechukua kutoka kwa Debian awe na haki zilezile, na anayechukua kutoka kwake pia.

Msimbo wa Firefox ulipita hayo masharti bila shida. Picha haikupita. Leseni ya nembo haikukuruhusu kuibadilisha unavyotaka. Kwa hivyo Debian walichukua Firefox, wakaacha jina, wakatoa mbweha, wakaweka ikoni ya dunia tupu. Kwa muda hakuna aliyesumbuka sana.

Halafu Mozilla wakasema hapana. Jina na picha vinaenda pamoja. Ukitumia jina, weka mbweha. Na sio hilo tu: mabadiliko yoyote unayoyafanya kwenye msimbo, hata kiraka cha kuziba tundu la usalama, tuyaone kwanza tuyakubali, ama sivyo usikiite Firefox.

Kabla hujachagua upande, sikiliza upande wa Mozilla vizuri, kwa sababu hawakuwa wajinga. Alama ya biashara sio sawa na hakimiliki. Hakimiliki inalinda kazi yenyewe, mistari au mchoro. Alama ya biashara inalinda ahadi, kwamba kitu chenye jina hili kimetoka kwa watu hawa. Siku hizo kulikuwa na walaghai waliokuuzia Firefox, kitu cha bure, au wakakupakulia kitu chenye mbweha mlangoni na virusi sebuleni. Kama umewahi kumsaidia shangazi aliyeweka programu bandia ya mikopo kwenye simu kwa sababu ikoni ilifanana na ile halali, unaelewa kwa nini mtu analinda ikoni.

Sisi huku neno "alama ya biashara" linatuchoma kwa sababu ya Hakuna Matata. Disney ilisajili hayo maneno kwa ajili ya fulana huko Marekani mwaka 2003, na kelele zikapanda hadi 2018 kukawa na ombi mtandaoni la watu wengi. Haimaanishi Disney walikuzuia kusema hakuna matata pale Diani. Lakini ile hisia, kwamba kitu cha wote kimewekewa ua na mtu mmoja, ndiyo hasa watu wa Debian walikuwa nayo. Tofauti ni kwamba Mozilla hawakuokota neno la watu. Jina walilitafuta wenyewe na picha waliichora.

Upande wa Debian nao ulikuwa na hoja ya kazi, sio ya imani tu. Debian ikitoa toleo, inalitunza kwa miaka. Mozilla wakitoa Firefox mpya, ile ya zamani wanaiacha. Kwa hivyo tundu la usalama likipatikana, mtu wa Debian anakaa usiku anaziba Firefox ya zamani kwa mkono wake. Sasa huyo mtu asubiri ruhusa kutoka California huku watumiaji wake wako uchi? Hapana bana. Na hata Mozilla wangempa Debian ruhusa maalum, masharti yao wenyewe hayakuwaruhusu kuipokea.

Wakabadilisha jina. Debian 4.0 ikatoka Aprili 2007 na Iceweasel ndani. Wala hawakuishia hapo: Thunderbird, programu ya barua pepe ya Mozilla, ikawa Icedove, njiwa wa barafu. SeaMonkey ikawa Iceape. Bustani nzima ya wanyama ikaingia friji.

Ubuntu, ambayo imejengwa juu ya Debian, walikubali masharti ya Mozilla na mbweha akabaki. Na kuna kejeli ndogo hapo. Ubuntu ni neno la Kusini mwa Afrika, ndugu wa damu wa neno letu utu. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alilichukua mwaka 2004, na leo kwenye mambo ya kompyuta ni alama ya biashara ya kampuni yake, Canonical. Utu umesajiliwa. Sijui nicheke.

Mimi nasimama wapi? Mozilla walikuwa sahihi kulinda jina, na walikosea kufunga picha na jina kwenye kifundo kimoja. Mfano wa njia nyingine ulikuwepo tayari, ni Linux. Mwaka 1994 mtu mmoja Marekani asiyehusika na mradi aliomba kusajili neno Linux kama lake, halafu akaanza kudai watu malipo. Ilibidi mambo yaende kisheria mpaka alama ikaja kwa Linus Torvalds mwaka 1997. Kwa hivyo jina Linux linalindwa, na ni vizuri. Lakini pengwini? Larry Ewing alisema chukua, tumia, geuza, ila ukiulizwa utaje jina lake na programu aliyochorea, GIMP. Basi. Ndiyo maana Tux amevalishwa kila nguo duniani, na hakuna aliyedhani Linux imeibwa.

Lakini hata Debian wasijifanye malaika. Nembo yao, ile zoka nyekundu ya Raul Silva ya 1999, ilikuwa na leseni ambayo yenyewe haikutimiza masharti ya Debian. Wanamkatalia mbweha wa jirani wakati zoka yao iko kwenye hali ileile. Waliirekebisha 2012, miaka mitano baada ya kicheche kuingia kazini. Hiyo sehemu ya stori huwa haisimuliwi sana na mashabiki wao, na ndiyo ninayoipenda.

Bado, kitu walichokifanya Debian kilikuwa na uzito. Watu husema programu huria ni huru mpaka masikio yachoke. Debian waliijaribu hiyo kauli kwa vitendo. Walinyang'anywa jina, wakanyang'anywa sura, na kesho yake programu ikafanya kazi kama jana. Jaribu hivyo na programu uliyonayo kwenye simu yako sasa hivi. Ukikosana na mwenyewe huondoki na kitu, unafungiwa akaunti unabaki na manenosiri yako.

Na kuna upande wa pili wa hilo, ambao ni wa sisi tunaochora na kuhariri. Hakuna anayegombania nembo mbaya. Kama kile kivinjari kingebaki na ikoni ya kuokoteza ya 2002, hakuna wakili angeandika barua na hakuna mtu wa Debian angekosa usingizi. Ugomvi wenyewe ni ushahidi kwamba Garrity, Burka, Desroches na Hicks walifanya kazi. Walichukua mistari ya msimbo wakaipa kitu cha kupendwa, na kikishapendwa, kila mtu anataka kukishika.

Iceweasel ilidumu mpaka 2016. Mwisho wake ulikuwa mtulivu sana ukilinganisha na mwanzo. Hakimiliki ya picha ilikuwa imeshalegezwa, na Mozilla wakakubali kwamba viraka vya Debian haviharibu Firefox, kwa hivyo hakuna haja ya kuviomba ruhusa kimoja kimoja. Firefox ikarudi Debian na jina lake na mbweha wake. Miaka tisa ya barafu ikayeyuka kwa mazungumzo ya mafundi wachache.

Mbweha mwenyewe amepitia mengi tangu hapo. Juni 2019 Mozilla walitoa nembo mpya ya familia nzima ya bidhaa za Firefox, duara la moto lisilo na mnyama, na mtandaoni zikaenea picha za mzaha kwamba wamemuua. Ilipofika 2021 utani ulikuwa umekuwa mkubwa mpaka Mozilla wakatoka hadharani kueleza kwamba mbweha wa kivinjari yupo, hajaenda popote. Fikiria hilo. Watu ambao wengi wao walikuwa wameshahamia Chrome bado walikuwa tayari kumlilia mnyama wa kivinjari walichokiacha.

Na Chrome yenyewe ilijifunza kutokana na haya yote, kama unajua pa kuangalia. Google walipoitoa mwaka 2008 waligawanya mambo tangu siku ya kwanza: msimbo huria unaitwa Chromium, duara lake ni la bluu, chukua ujenge unachotaka. Jina Chrome na lile duara la rangi nne ni mali yao. Microsoft walichukua ya bluu wakajenga Edge. Hakuna aliyeandikiana barua. Ni safi, na pia ni baridi kidogo, kwa sababu sasa ua liliwekwa kabla mtu yeyote hajapanda kitu.

Ugomvi wa aina hii haujaisha. Mwaka 2023 rasimu ya masharti ya alama ya lugha ya Rust ilileta hasira mpaka taasisi yake ikaomba radhi, na 2024 WordPress, ambayo nusu ya wasee wenye tovuti hapa wanaitumia, iliingia vitani na kampuni ya WP Engine, jina likiwa katikati ya vita.

Kicheche yeye alistaafu. Lakini mradi wa GNU nao ulikuwa na toleo lao la Firefox, ambalo mwanzoni liliitwa IceWeasel pia. Mwaka 2007, ili lisichanganywe na la Debian, walilipa jina jipya, IceCat. Huyo paka wa barafu bado anatolewa hadi leo.